Maji Ndani ya Mtungi wa Upepo

Hewa ya Masasi, kusini mwa Tanzania, hubeba maji mwaka mzima, na kuanzia Desemba hadi Aprili huyabeba kwa wingi. Hatuyaoni. Tunayahisi tu shati linapokataa kukauka kwenye kamba na chumvi inapoganda koponi. Mashine ya upepo ya fundi pancha huyakusanya. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 huweza kubeba kama gramu 30 za mvuke, haiwezi zaidi. Kompresa inapoishindilia hewa hadi ibaki sehemu moja ya tisa ya ujazo wake, mvuke unabaki ule ule ila nafasi yake imekwisha, na mtungi ukipoa maji hayana budi kudondoka. Siku ya mvua, mtungi wa lita 100 ukijazwa mara moja huachiwa chini maji yanayozidi kidogo kijiko cha mezani. Ukijazwa na kutumika kutwa nzima, yanafika kikombe.

Mkomaindo, hapa Masasi, jina ambalo watu wengi wa kusini wakilisikia huwaza hospitali kwanza, kuna fundi ambaye kazi yake ya mwisho kila jioni ni kuyatoa maji hayo. Hupunguza upepo kwanza, akabakiza kidogo wa kusukuma, kisha huinama na kufungua koki iliyo chini ya tumbo la mtungi. Yanatoka maji ya kahawia yenye utando wa oili. Husubiri mpaka itoke hewa tupu, na koki huiacha wazi hadi alfajiri ili unyevu uliobaki upate pa kutokea. Nilimuuliza kwa nini asiifanye kazi hiyo asubuhi, akiwa hajachoka.

"Asubuhi nina wateja, mwanangu," akasema.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Wateja wa asubuhi ni bodaboda. Wengine wanawahi stendi, wengine wamebeba mama mwenye mimba anayekwenda kliniki, wengine wametoka vijijini na magunia mawili yamefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Hakuna hata mmoja kati yao anayeutazama mtungi. Wanatazama geji, wanasikia tairi likikaza, wanalipa, wanaondoka. Kazi ya kutoa maji haina mteja, kwa hiyo lazima ipewe saa ambayo mteja hayupo, nayo ni saa ile ile ambayo mwili wa fundi unataka kukaa chini.

Ukitoka Masasi kwenda Newala unaiacha nchi ya milima ya mawe na kupanda uwanda wa Wamakonde, na huko juu habari ya maji ni nyingine kabisa. Udongo ni mwekundu wenye mchanga. Mvua inanyesha vizuri, inazama, inapotea, inakuja kuchomoza kwenye chemchemi za chini ya genge. Wanawake wa Newala waliteremka genge na kulipanda tena, mtungi kichwani, vizazi na vizazi. Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliikuta shida hiyo na kuiandika. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na bonde la Ruvuma kufunguka chini yako, unaelewa kwa magoti yako mwenyewe ndoo moja ya maji iligharimu nini. Katika nchi hiyo hiyo, mafundi wa barabarani wanapigana kila siku na maji yaliyoingia mahali yasipotakiwa, machache mno kunywesha kuku, mengi ya kutosha kula chuma.

Maana ndiyo kazi ya maji mle mtungini. Chuma, maji na hewa iliyoshindiliwa vikikaa pamoja, kutu haina haja ya kitu kingine. Inaanzia chini, mahali maji yanapolala, na inakula kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inabaki ile ile ya dukani, nyekundu au ya bluu, inang'aa. Siku tundu dogo linapotokea, fundi mwenye bahati husikia upepo ukilia chini ya mtungi, na hilo ni onyo. Asiye na bahati hapati onyo. Mtungi wa lita 100 uliojaa hadi paundi 120 umehifadhi nguvu ambayo, kwa hesabu ya fizikia, ingetosha kuinua gari la tani moja kimo cha mita 10 na zaidi. Nguvu hiyo imelala mita moja kutoka kwa mtu aliyechuchumaa akiziba tyubu, na mara nyingi mtoto wa shule amesimama karibu akishangaa viputo kwenye karai.

Hapa nasema wazi ninavyoamini: mtungi uliooza hauchomelewi. Najua unachomelewa. Najua kuna mitungi barabarani yenye viraka vya welding juu ya viraka, na mingine haikuzaliwa kuwa mitungi ya kompresa, ni ya breki za malori yaliyokufa. Kiraka kinaziba tundu linaloonekana, na moto wa kuchomelea unakidhoofisha chuma cha pembeni ambacho tayari kilikuwa chembamba. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mitungi ya shinikizo ni miongoni mwa vitu ambavyo wakaguzi wa OSHA, wakala unaoisimamia sheria hiyo, wana wajibu wa kuvikagua. Lakini fundi wa chini ya mwembe hana kiwanda wala kibao cha usajili, na ukaguzi alionao ni macho yake na ile koki. Mtungi wa kwanza wa fundi wa Mkomaindo ulipooza, aliukata katikati kwa msumeno. Nusu moja ndiyo karai lake la kutafutia pancha. Aliniambia aliukata upesi, kabla mtu hajaja na bei nzuri ya kuununua mzima.

Mashine yenyewe ni rahisi kuieleza. Injini ndogo ya petroli ya silinda moja, ya kuvuta kwa kamba, ambayo hapa huitwa Honda hata ikiwa imeundwa China na haina undugu na Honda isipokuwa umbo. Mkanda unatoka kwenye puli ya injini kwenda kwenye gurudumu kubwa la kompresa. Kompresa ina pistoni yake, ringi zake, na valvu za bati jembamba zinazofunguka na kufunga kila mzunguko. Bomba lenye mapezi linapeleka hewa ya moto kwenye mtungi. Juu ya mtungi kuna geji na valvu ya usalama yenye kipete cha kuvutia.

Watu huuliza kwa nini asitumie mota ya umeme, isiyonywa petroli wala kupiga kelele. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, na kila mwenye friji Masasi ana habari zake za kukatika umeme. Tairi la lori la korosho haliwezi kungoja. Zaidi ya hayo, mashine ya petroli inabebeka: lori likikwama njiani kuelekea Mangaka, fundi anaipakia kwenye guta na kuifuata pancha ilipo.

Kuna tofauti moja kati ya mashine hii na ya umeme ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mota ya umeme mtungi ukijaa hujizima. Injini ya petroli haijizimi. Geji ikifika kikomo, kivalvu kidogo kinafunguka, kompresa inaacha kushindilia na kuipitisha hewa bure, waya unavuta mkono wa mafuta, na injini inashusha sauti hadi kunguruma kwa chini. Haifanyi kazi na haijaacha kazi. Upepo ukipungua, kivalvu kinafunga, sauti inapanda tena. Fundi anayeijua mashine yake husikia kama mshusho ule umechelewa. Ukichelewa, kivalvu kimeshika uchafu, na mtungi unajazwa kupita kiasi huku valvu ya usalama ikibaki peke yake kuzuia maafa. Ndiyo maana yule wa Mkomaindo hukivuta kipete cha valvu hiyo mara kwa mara, mtungi ukiwa na upepo, aone kama inapiga mluzi na kufunga yenyewe. Valvu isiyojaribiwa hukwama kwa kutu ile ile, na itakwama siku inapotakiwa.

Mengine ni mambo ya saa. Injini za aina hii hutaka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Oili yenyewe ni kidogo, kama lita 0.6, na ndiyo hatari yake: injini kubwa ikipungukiwa nusu lita inavumilia, hii haina cha kuvumilia. Chujio la hewa husafishwa kila saa 50, na kwa vumbi letu jekundu nasema hata nusu ya hizo. Plagi huchomolewa, hukwanguliwa, na mwanya wake hupimwa usizidi milimita 0.8. Mkanda hubonyezwa kwa kidole gumba katikati. Ukilegea unateleza na kuungua, ukikazwa mno unakula beringi. Kompresa ina oili yake, mbali na ya injini, nayo husahauliwa zaidi kwa sababu haina moshi wa kulalamika. Mapezi hufutwa vumbi. Injini huachwa ipoe kabla ya kuongezewa petroli, jambo ambalo kila fundi analijua na wengi hulivunja mteja akipiga honi.

Nimesikia mara nyingi, kwenye semina na kwenye vijiwe, kwamba sisi watu wa hapa hatuna utamaduni wa kutunza vitu. Tunajua kununua, wanasema, kutunza hatujui. Sikubali, na mashine hii ndiyo shahidi wangu. Itazame kalenda ya Masasi. Fedha huingia Oktoba, Novemba na Desemba, korosho zinapouzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Newala na Tandahimba. Miezi hiyo malori yanapishana, pikipiki zinazidishiwa mizigo, matairi yanapasuka, fundi anakula na kusaza. Kisha mvua inashika. Kufika Februari na Machi akiba imekwenda shuleni, shambani na hospitalini. Bodaboda wanaomba kujaziwa upepo kwa mkopo. Na hapo ndipo injini iliyofanya kazi usiku na mchana msimu mzima imezitimiza saa zake na inadai oili, plagi na mkanda. Kalenda ya mashine ina saa, kalenda ya mji ina msimu, na mwezi mashine inapodai ndio mwezi mfuko hauna kitu. Hewa nayo, mwezi huo huo, ina maji kuliko wakati wowote.

Kutoa maji hakuhitaji senti, na hilo linaweza kuonekana kuwa linaupinga utetezi wangu. Kwa kiasi fulani linaupinga, kwa maana kazi isiyo na bei watu hudhani haina uzito, na wapo mafundi ambao koki yao imeshikana kwa kutu kwa kutoguswa. Ila mtu anayeahirisha oili miezi mitatu kwa kukosa fedha huzoea kuahirisha. Mazoea hayo yanahamia kwenye koki. Sijaona bado fundi mwenye oili safi na mtungi uliojaa maji.

Kusini kumewahi kulipia somo hili la utunzaji kwa gharama kubwa kuliko mtungi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000, nyingi zikitoka mikoa hii. Miaka 13 baadaye mavuno hayakufika tani 20,000. Mikorosho haikukatwa. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na mashamba yakabaki mbali, bei aliyopewa mkulima ikawa haimrudishii nguvu ya kupalilia, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaanguka juu ya maua ambayo hayakuwa na wa kuyatazama. Mti ulisimama palepale, ukizeeka ndani ya kichaka. Watafiti wa kilimo wa Naliendele walisaidia kuonyesha njia ya kuuzuia kwa salfa, na wakulima wakajifunza kubeba mgongoni kipulizio chenye injini ndogo ya petroli, wakitembea chini ya mikorosho mapema, kabla jua halijapanda, Juni hadi Agosti. Injini hizo nazo huishia kwa fundi yule yule wa kompresa, plagi ikiwa nyeusi na chujio likiwa na unga wa manjano.

Maji ya uwanda yana historia inayofanana na hiyo. Miaka ya 1950, chini ya Waingereza, ulianza mradi wa kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu Newala. Kuanzia 1972 hadi 1993 Ufini ilifadhili kazi kubwa ya maji vijijini Mtwara na Lindi, visima, pampu, mabomba. Wanawake wengi waliacha kuteremka genge, na hilo ni jambo la kushukuru bila masharti. Lakini kila dizeli au kipuri kilipokosekana pampu zilisimama, na ndoo zilirudi njiani. Fedha ya kujenga ilikuwa na mwaka wake, na bendera, na wageni wa kufungua. Fedha ya mpira wa pampu ilipaswa kutoka kijijini, mwezi ambao kijiji hakikuwa nayo.

Kwa mikorosho, nchi ilikuja kulielewa jambo hili la majira. Salfa imekuwa ikipelekwa kwa mkulima kabla ya mavuno, kwa utaratibu wa mkopo au ruzuku, kwa kuwa kila mtu anajua mwezi Juni mkulima hana fedha na ua haliwezi kungoja Novemba. Huo ni utunzaji uliolipiwa kabla ya mapato, na ukiutazama vizuri ni moja ya mawazo bora tuliyowahi kuwa nayo kusini. Sioni sababu liishie kwenye miti. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Masasi na Newala vingeweza kuwaita mafundi wa upepo kila Januari, mitungi ikajazwa maji badala ya hewa na kupimwa kwa shinikizo, kwa maana mtungi uliojaa maji ukipasuka humwagika tu, haulipuki. Chama cha msingi kinachosambaza salfa kingeweza kukopesha na galoni ya oili. Lami ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ilipangwa kwa fedha nyingi, na ni haki yetu iliyochelewa. Magari yatakayokimbia juu yake yatakimbia kwa upepo wa mitungi hii.

Kwa sasa, fundi wa Mkomaindo amejitengenezea utaratibu wake. Mwenye duka la vipuri humpa oili, plagi na mkanda mwezi Machi, anaandika kwenye daftari la kaunta, na fundi analipa korosho zikishauzwa. Hawakuandikiana hati. Fundi naye humfungulia mwenye duka matairi ya gari lake bila kumtoza. Kijana anayejifunza hapo ndiye anayetumwa kuchukua vitu, na amefundishwa kuuliza oili ya kompresa na oili ya injini kila moja kwa jina lake, asirudi na moja akidhani itatosha zote. Mwaka huu mwenye duka ameomba deni lilipwe kwenye mnada wa kwanza badala ya wa mwisho, kwa sababu na yeye anadaiwa Dar es Salaam. Fundi amekubali, na ameanza kuweka pembeni pesa ya tairi la kwanza la kila siku.